Barua kwa mwanangu anayefungua hoteli ya kuku Iringa

Mbeya, Jumatatu asubuhi

Mwanangu,

Ugonile. Huku wazima. Mvua imekatika tangu juzi, na mguu wa baba yako umetulia, ingawa yeye hakubali kwamba umetulia.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na zile habari za kampuni ya kuku ya Marekani nimezimaliza zote kwa miwani yangu ile iliyovunjika mkono. Unasema mwenzako mnayetaka kushika naye fremu pale Miyomboni anataka iwe hoteli ya Kikristo: Jumapili imefungwa, kila asubuhi wafanyakazi wote kwenye maombi, mstari wa Biblia juu ya mlango, na fungu la faida liende kwenye huduma anazozijua yeye. Anakuonyesha kampuni hiyo ya Marekani, Chick-fil-A, kama mfano wa kuigwa. Rafiki yako mwingine anakuonyesha Chick-fil-A hiyo hiyo kama onyo. Sasa unaniuliza mimi, niliyefunga hoteli yangu ya Mwanjelwa kila Jumapili miaka 22, nani kati yao yuko sahihi.

Nianze na Jumapili, maana hiyo ndiyo ninayoijua kwa miguu yangu.

Truett Cathy, mwanzilishi wa Chick-fil-A, na mdogo wake Ben walifungua kihoteli mwaka 1946 huko Hapeville, nje kidogo ya Atlanta. Kilikuwa wazi usiku na mchana. Jumapili ilipofika walikuwa hoi, wakafunga, na tangu hapo hawakufungua tena Jumapili. Hapo nilicheka peke yangu jikoni. Kanisani watu wamenisifu miaka yote wakidhani nilifunga kwa utakatifu. Utakatifu ulikuwepo, sikatai, lakini miguu ndiyo iliyotangulia. Ukikanda unga wa maandazi saa kumi alfajiri siku sita mfululizo, na baridi ya Mbeya unaijua, Jumamosi usiku mtu akikuita jina lako unageuka kumtafuta anayeitwa.

Hasara nilipata. Watu wanatoka ibadani na njaa, wanapita mlangoni kwangu wanakwenda kula kwa jirani, nami nawaona. Mwenye fremu naye hajawahi kuniambia, mama, umepumzika siku nne mwezi huu, acha nikupunguzie kodi. Lakini wahudumu wangu walikaa. Wewe mwenyewe unajua wasichana wa hotelini wanavyohama, mwezi huu yuko hapa, mwezi ujao yuko Kabwe. Wa kwangu walikuwa na siku moja ya kufua nguo za watoto wao, basi wakakaa. Na hao wa Atlanta, pamoja na kufunga siku moja kati ya saba, tawi lao moja kwa wastani linauza kuliko tawi la McDonald's. Mwenzako asikudanganye kwamba ni kwa sababu ya kufunga. Ni kuku, na ni namna wanavyomhudumia mtu kwenye foleni.

Unamkumbuka yule jirani yetu Msabato wa duka la vifaa? Ijumaa jua likizama anafunga, mpaka Jumamosi jioni. Mimi namwangalizia duka Jumamosi, yeye ananiangalizia hoteli Jumapili. Tulikuwa hatukubaliani siku ya Bwana ni ipi, na ufunguo tulibadilishana. Hakuna aliyewahi kutugombeza, yeye wala mimi.

Ndiyo maana nakuambia urudi kwenye zile kurasa ulizonitumia, usome vizuri watu walikasirikia nini. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya Jumapili. Mzee Truett alianzisha mfuko wa hisani mwaka 1984, WinShape, na miaka ilivyokwenda ikaonekana kwamba fedha za kampuni zilikuwa zinapita humo kwenda kwa vikundi vilivyopinga ndoa za jinsia moja. Halafu mwaka 2012 mwanawe Dan, aliyekuwa ameshika usukani, akasema redioni kwamba taifa lao linajiitia hukumu ya Mungu kwa jambo hilo, na akaliambia gazeti la Wabaptisti kwamba wao wanasimamia familia ya Kibiblia. Moto ukawaka. Meya wa Boston akawaandikia barua kuwaambia hawatakiwi. Diwani mmoja wa Chicago akasema atawazuilia kibali. Tarehe 1 Agosti wanaowaunga mkono wakapanga foleni za kuzunguka majengo kununua kuku, na siku mbili baadaye wanaowapinga wakaenda mbele ya migahawa ile ile kubusiana.

Mimi kuhusu ndoa naamini kinachofundishwa kanisani kwetu, unajua, na sitajifanya mtu mwingine kwa sababu naandika barua. Lakini nimefanya biashara. Mtu aliyenunua kuku amenunua kuku, hakuja kwenye mnada wa mavuno wa kanisani. Kwenye mnada kuku wa elfu ishirini anauzwa laki moja na watu wanapiga vigelegele, kwa sababu kila mmoja anajua fedha inakwenda wapi. Mteja wa Miyomboni hajui. Siku akijua kwamba shilingi zake zimekwenda kumpiga vita yeye mwenyewe, ataondoka, na atawaambia wenzake. Mimi nikisikia muuza mkaa wangu anachangisha fedha kanisa letu lifungwe, nabadilisha muuza mkaa siku hiyo hiyo, wala siombi ushauri.

Ila yule meya na yule diwani hapana. Mteja kuhama ni haki yake. Mwenye mhuri wa kibali kukunyima kibali kwa maneno ya mdomo wako ni jambo jingine kabisa, na nilipenda kuona kwamba hata wanasheria wa ACLU ya Illinois, shirika la kutetea haki za raia kwenye jimbo la Chicago, ambao hawakubaliani na Dan Cathy hata kidogo, walisema serikali haina ruhusa ya kufanya hivyo. Huku kwetu tungechelewa kuliona hilo. Tungesema, si ndiye mwenye mhuri?

Sasa la maombi ya asubuhi. Hili sikuwahi kukusimulia vizuri, kwa kuwa linaniaibisha.

Miaka ya mwanzo nilikuwa na mpishi wa wali, Mwislamu, mama wa watoto watatu. Mchele wa Kyela ukipita mikononi mwake hata wa jana ulinukia. Mimi nikaanzisha sala kabla ya kuwasha jiko, wote lazima. Sikumwambia asali, nilimwambia tu awepo. Alikuwa anasimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ameikunja kifuani, anatazama sufuria. Hakulalamika hata siku moja, nami kwa ujinga wangu nikadhani kimya ni kukubali. Mwaka ulipoisha akaja na mtandio mpya, akanishukuru, akachukua mshahara wake, akaenda kufungua kibanda chake upande wa pili wa barabara. Wateja wa wali wakamfuata, wengine ni wazee wa kanisa. Nilimfuata baada ya mwezi nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema, "Mama, ningekuambia ukiwa umefumba macho?"

Baada ya hapo sala ikawa ya robo saa kabla ya muda wa kazi, nyuma, kwenye stoo, anayetaka aje. Tulikuwa tunabaki wawili au watatu. Nilisali vizuri zaidi.

Na kuchinja. Mwenzako bado hajafika hapo lakini atafika, kwa kuwa mnauza kuku. Kuku wangu wote alichinja Mwislamu, kijana wa pale sokoni, nikimlipa kwa kila kuku. Kuna mzee wa kanisa aliniuliza kwa nini tunalishwa kwa kisu cha dini nyingine. Nikamwambia, kwa sababu nataka kila anayepita na njaa aweze kukaa mezani kwangu bila kuuliza. Usilichukulie jambo hili kirahisi. Mwaka 2013 ugomvi wa nani achinje ulianzia Buseresere kule Geita mpaka mchungaji akauawa, na moshi wake ukafika Tunduma kwetu huku. Iringa mjini utawauzia wote. Mkianza kubandika "kimechinjwa na Mkristo" mtakuwa mmefungua baraza la mabishano, na kuku watawapoa.

Kuna mahali katika habari zile niliweka miwani chini. Kiongozi wa wanafunzi waliokuwa wanaigomea Chick-fil-A vyuoni, Shane Windmeyer, mwenyewe ameoa mwanamume, alipigiwa simu na Dan Cathy. Wakazungumza, wakazungumza tena, mwisho Dan akamwalika kukaa naye kwenye mchezo wa mpira wa mwisho wa mwaka 2012. Hakuna aliyembadilisha mwenzake imani. Mgomo ulisimamishwa. Mwaka 2014 Dan akakiri kwamba alikosea kuiburuza kampuni kwenye ubishi ule, ingawa msimamo wake haukubadilika. Na mwaka 2016, mtu alipoua watu 49 kwenye klabu ya wapenzi wa jinsia moja kule Orlando, ilikuwa Jumapili. Baadhi ya wafanyakazi wa Chick-fil-A wa mji ule walikwenda kupika, wakawapelekea chakula waliopanga foleni kutoa damu. Jumapili. Hilo sijui mwenzako amekuonyesha.

Mwisho wao ulikuwaje? Mwaka 2019 mfuko wa kampuni ukasema sasa utachangia elimu, wasio na makazi na wenye njaa. Waliokuwa wakiwapinga wakasema haitoshi. Wale waliopanga foleni mwaka 2012 wakasema wamesalitiwa. Mwaka huo huo, walipofungua tawi kwenye mji wa Reading kule Uingereza, mwenye jengo akasema hataongeza mkataba baada ya miezi sita. Ukishaipa kampuni msimamo, mwanangu, hata kunyamaza kwake kunakuwa msimamo.

Basi ninavyoona mimi: Jumapili fungeni, na mliandike kwenye mkataba wenu ninyi wawili kabla ya kununua hata sahani, maana mwaka wa pili kodi ikibana ndipo mmoja ataona Jumapili ni siku kama nyingine. Fedha ya huduma zake aitoe kwenye fungu lake mkishagawana, hapo hata mimi nitamchangia. Mstari wa mlangoni sitawakataza. Ila mhudumu akimpunja mteja chenji chini ya mstari ule, hatasema mhudumu ameniibia, atasema Wakristo wameniibia, na itabidi wewe ndiye utoke jikoni na mikono ya unga kwenda kumjibu.

Lile sufuria kubwa la supu nimelifunga kwenye gunia. Ijumaa nitalipakia basi la asubuhi. Kalipokee Ipogolo, na mfuniko umo ndani, uutafute kabla hujaanza kunipigia simu. Viazi vimo pia, kwa ajili ya wajukuu. Mwambie mwenzako aje Mbeya siku moja tule pamoja. Siku yoyote, hata Jumapili, siku hizi sina hoteli ya kufunga.

Mama yako