Kabla hujachora laptop ya vipande, fungua kwanza za wenzako

Juzi usiku nimepata ujumbe mrefu wa kijana wa mwaka wa pili chuoni. Ametazama mpaka alfajiri video za laptop za Framework, kampuni inayozitengeneza ili mwenye nayo aifungue na kuirekebisha mwenyewe, na sasa anataka kutengeneza ya kwetu: mtu aifungue mwenyewe sebuleni, achomoe kilichokufa, aweke kingine, afunge. Akamalizia hivi: "Kaka, naomba ushauri, niendelee vipi? Ganda nimeshalichora."

Hapo kwenye ganda ndipo nilipokosa usingizi. Mdogo wangu, na mimi nilianza na ganda.

Nilikuwa mwaka wa mwisho. Kariakoo nilinunua HP EliteBook 840 G1 mbovu ya kioo, nikatoa mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha kila kitu), RAM (kumbukumbu ya muda), betri na kibodi, na kava lake nikalitupa. Wiki sita nzima nilikuwa nachora ganda jipya kwenye kompyuta, kisha nikalichapisha vipande vipande kwa printa ya 3D ya rafiki yangu. Lilitoka zuri, nasema bila haya. Kona laini, rangi ya bluu ya bahari, na mgongoni nembo yenye jina langu. Ndiyo, jina langu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nisamehe.

Siku ya maonyesho walikuja majaji watatu. Wawili waliisifu rangi. Wa tatu, baba mmoja mwenye miwani ya kamba shingoni, hakuitazama hata nembo. Akasema, "Umeandika hapa kwamba mtumiaji anaifungua mwenyewe. Haya, ifungue."

Nikaifungua. Skrubu kumi na tisa, aina nne. Nyumbani nilikuwa nazipanga juu ya karatasi niliyoichora ramani, lakini pale nilikuwa na kipande cha meza na umati wa watu mgongoni. Zikachanganyika. Nikawaonesha RAM, nikawaonesha betri, nikaanza kurudishia huku jasho linanitoka. Kwenye tundu la skrubu yenye urefu wa milimita nne nikaingiza ya milimita nane. Vidole vilijua kabla ya akili: ilikaza, ikagoma, halafu ghafla ikawa nyepesi, kama msumari uliokwisha kupenya bati.

Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Hata taa ya chaji haikuwaka.

Ambaye hajawahi kuvuruga hivyo aelewe: mazabodi ni tabaka kadhaa zilizogandamizwa pamoja, na njia za umeme zinapita mpaka katikati. Skrubu ndefu ikitoboa humo, kuziunga tena ni kazi ambayo mafundi wengi hawaigusi. Yule baba akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi, "Kijana, hii ni laptop ya kufungua mara moja." Watu wakacheka. Zawadi ikaenda kwa programu ya kuagiza chakula. Sina neno. Basi niseme tu kwamba programu yenyewe haipo tena, mimi bado nipo.

Baada ya hapo nilipata meza kwa fundi mmoja Kariakoo tuliyekuwa tukimwita Mjomba. Ya miaka ile mengi ni vumbi na chaja, siyasimulii. Lakini pale ndipo nilipojifunza kwamba laptop nzuri unaitambua kwa namna inavyofunguka. ThinkPad T480 Mjomba aliifungua huku anapiga mluzi: unalegeza skrubu za chini, zenyewe hazidondoki, zinabaki zimeshikwa kwenye kava. Betri moja inachomoka kwa nje bila bisibisi, RAM zina nafasi mbili. Zile nyembamba zenye betri iliyobandikwa kwa gundi na RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi aliziita majeneza. Aliyezitengeneza, alisema, hakupanga zirudi.

Siku moja ikaletwa EliteBook 840 G1. Mjomba akaigeuza, akasukuma kikomeo cha chini kwa kidole, kava zima la chini likatoka. Hakuna skrubu hata moja. Nilikaa kimya. Hilo ndilo kava nililolitupa ili nichore langu lenye skrubu kumi na tisa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni ufungue za wengine. Wa pili ni huohuo. Hao Framework wenyewe, kampuni ya Nirav Patel kule San Francisco, laptop yao ya kwanza ya 2021 ilikuja na bisibisi ndani ya boksi, skrubu tano tu chini na zote hazidondoki, na kila kipande kina msimbo wa QR unaokupeleka kwenye maelekezo yake. Mwaka 2022 wakatoa mazabodi mpya inayoingia kwenye ganda lilelile la zamani. Unaona walichokilinda? Matundu ya skrubu yalibaki palepale. Sijawahi kuipata hata moja mezani kwangu, lakini picha za ndani nimezitazama kuliko picha za harusi yangu.

Tumia skrubu za aina moja. Zikishindikana kuwa moja ziwe mbili, na ile ndefu isiweze kuingia kwenye tundu la fupi hata mtu akilazimisha. Usikaze skrubu moja kwa moja kwenye plastiki. Ukifungua mara tatu uzi wa tundu, ile mikunjo inayoshika skrubu, unaisha. Weka vikombe vidogo vya shaba vyenye uzi ndani, navyo vizamishe vizuri, hasa kwenye bawaba. Nusu ya laptop za bei rahisi ninazoletewa zimeng'oka hapo hapo, shaba imetoka na plastiki yake. Waya wa kioo uachie urefu kidogo ili anayefungua asiukate kwa kuinua tu. Na gundi, achana nayo. Umoja wa Ulaya umeshaweka sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya namna hii mtumiaji aweze kuzitoa mwenyewe, na mitumba mingi tunayouziwa inatoka hukohuko. Siku moja makontena hayohayo ya mitumba ndiyo yatakayoumaliza ubishi huu wa gundi.

RAM ya kuchomelea ina sababu zake, sikatai: njia inakuwa fupi, umeme mdogo, kasi kubwa. Hata Framework waliichomelea kwenye kompyuta yao ya mezani ya 2025, wakasemwa. Ila wewe bado hujafikia shida hizo. Shida yako ni ile ya vijana wa leo, kutaka nembo kabla ya bisibisi. Mnachora, mnaposti, mnahesabu wanaopenda, na ukiulizwa betri inatokaje unasema hilo litakuja baadaye. Halitakuja baadaye! Linaanza hilo, ganda linafuata.

Njoo Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajajaa. Ninazo mbovu kama arobaini, utafungua mpaka uchoke, na kila skrubu utaniambia ilitoka wapi.

Ile ya bluu bado iko kabatini. Kibodi yake nilimfungia mwanafunzi mmoja, betri ikaenda kwa mama muuza vocha, na wiki iliyopita nimechomoa RAM, gigabaiti nne, nikamwekea mteja aliyekuwa na haraka. Limebaki ganda na nembo.