Nirvana si pepo: kwa wanaoanza kusoma dini linganishi

Nyinyi mnaoanza darasa hili hapa Lamu, msiitafsiri nirvana, lengo kuu la dini ya Kibuddha, kuwa pepo. Mkishafanya hivyo, maswali yote yanayofuata yatakwenda kombo: iko wapi, nani anaingia, kuna raha gani. Nirvana haina mahali.

Anzeni na neno lenyewe. Kwa Kisanskrit ni nirvana, kwa Kipali nibbana (zote ni lugha za kale za India), na maana yake ni kuzimika, kama moto. Itazameni kandili. Mafuta yakikwisha na utambi ukakauka, mwali hauhitaji mtu wa kuupuliza. Mioto anayoitaja Buddha, mwalimu aliyeianzisha dini hiyo, ni mitatu: tamaa, chuki na ujinga wa kutojua mambo yalivyo. Kinachoilisha huitwa upadana, na neno hilo katika Kipali lina maana mbili kwa pamoja: kuni, na kung'ang'ania. Liandikeni daftarini kabla ya jengine lolote, kwani asiyelijua hudhani kinachozimika ni mtu.

Hapo Kiswahili chetu nacho kina mtego. Kwetu mtu akizimika amezirai, na sikio linasikia pia uzima na kuzimu. Msijenge hoja juu ya mfanano huo. Semeni waziwazi, kila mara, kuzimika kwa tamaa, chuki na ujinga.

Halafu litakuja swali: aliyeifikia, akifa huenda wapi? Vacchagotta, mtawa mzururaji, alimuuliza Buddha swali hilohilo, naye akaulizwa: moto ulio mbele yako ukizimika, umekwenda mashariki, magharibi, kaskazini au kusini? Akakiri kwamba swali halifai. Moto uliwaka kwa nyasi na kuni, zilipokwisha ukazimika. Kaeni na jibu hili siku mbili tatu. Buddha alikataa kusema mtu huyo yupo, akakataa vilevile kusema hayupo, kwa hiyo anayeandika kwamba nirvana ni kutoweka kabisa anamsingizia.

Na si jambo la kungoja kifo. Kwa mapokeo, Buddha aliifikia nirvana huko Bodh Gaya, kaskazini mwa India, akiwa na miaka 35, akaendelea kula, kutembea, kufundisha na kuugua hadi miaka 80. Kufa kwake Kusinara ndiko kunakoitwa parinirvana: hakuna kuzaliwa tena.

Waliokulia kwenye dhikri watakimbilia fanaa ya Masufi. Ulinganisho huo ni mzuri, ila uacheni uje mwisho. Fanaa ni nafsi kutoweka mbele ya Mungu. Katika mafundisho ya Buddha hakuna Mungu anayeelekewa hivyo. Nagarjuna naye, mwanafalsafa wa Kibuddha anayesema nirvana na samsara (mzunguko wa kuzaliwa na kufa tena na tena) hazitofautiani hata chembe, msimguse mpaka upadana iwe imewakaa vizuri.