Maswali ya Wasomaji: Chambo cha Mpira Mdomoni mwa Lukuledi

SWALI: Shikamooni wahariri. Nina rodi ya mita 2.1, rili ndogo na pakiti mbili za vyambo vya mpira vyenye umbo la dagaa. Wiki ya tatu sasa natupa karibu na kivuko cha Kitunda, upande wa Lindi mjini, kisha nazungusha rili mfululizo kama nilivyoona kwenye simu. Jirani yangu ana mshipi wa mkono na kipande cha ngisi, na kila siku anaondoka na kitoweo. Mimi sijaguswa hata mara moja. Ninunue rangi nyingine?
*Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: Marahaba. Pesa ya rangi iweke kwanza mfukoni, kwa sababu tatizo lako liko kwenye uzito na kwenye kuvuta.

Ngisi wa jirani ana harufu, na amelala chini akisubiri. Mpira wako hauna harufu ya maana, kwa hiyo samaki ataufuata kwa mwendo wake tu. Pale mto Lukuledi unapokutana na bahari mkondo una nguvu. Ukizungusha rili bila kupumzika, mkondo unakiinua chambo mpaka katikati ya maji, ilhali chewa na changu wako chini, wamejibanza nyuma ya jiwe au nguzo.

Anza na ndoano yenye kichwa cha risasi. Kwa mpira wa sentimita 8 hadi 10, ndoano namba 1/0 mpaka 3/0 inatosha. Uwe na vichwa vya gramu 5, 7, 10 na 14, kwa kuwa uzito mmoja hautoshi siku nzima: maji yakikaribia kusimama gramu 5 zinafika chini, na saa mbili baadaye hata 14 zinaweza kupeperushwa.

Kuuvisha mpira, ulaze kando ya ndoano kwanza, uone ndoano itatokea wapi mgongoni, utie alama kwa ukucha. Chomeka ncha katikati kabisa ya pua, ipitishe katikati ya mwili, uitoe kwenye alama, kisha sukuma mpaka pua ikae kwenye risasi. Ukitokea kabla ya alama, mpira unavutika na kuchanika, ukiipita, unajikunja. Mpira uliokaa upande huzunguka majini kama feni na kuupotosha uzi wote. Uangalie ukienda miguuni pako kabla ya kutupa mbali. Tone moja la supaglu kwenye shingo ya risasi linauzuia usiteleze.

Sasa tupa juu kidogo ya mkondo, siyo unakoelekea. Acha kizame huku ukiutazama uzi, maana ukilegea ghafla, kimefika chini. Inua ncha ya rodi kama nusu mita, kisha ishushe polepole uzi ukiwa umenyooka lakini haujakaza. Kusanya uzi uliolegea, urudie. Samaki wengi huchukua kinaposhuka, na mguso wenyewe mara nyingi ni "tik" moja au uzi kusogea pembeni. Hapo kaza. Anayesubiri rodi ipinde amechelewa.

Kipimo cha uzito sahihi ni hicho hicho: baada ya kila kuinua, unapaswa kuhisi chini tena. Usipohisi, ongeza risasi. Kikinasa matope kila mara, punguza.

Na kivuko kikiwa safarini, kunja uzi usubiri.

SWALI: Je, uzi wa kusuka ni lazima? Nailoni ya dukani ni rahisi kuipata. Na breki ya rili niikaze kiasi gani?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

JIBU: Si lazima, lakini nailoni inavutika, na ile "tik" ya chambo kinachoshuka inapotelea njiani. Uzi wa kusuka wa milimita 0.15 unatosha. Mbele yake funga mita moja ya nailoni ya milimita 0.40, kwa sababu uzi wa kusuka hukatika upesi ukisugua chaza au jiwe. Loweka fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Fundo likikazwa kavu, msuguano unaiunguza nailoni, na utakuja kulijua hilo siku ya samaki mkubwa.

Kwa breki, funga chupa ya lita 1.5 iliyojaa maji, uiinue kwa uzi unaotoka moja kwa moja kwenye rili. Uzi uanze kutoka taratibu chupa ikiwa karibu kuondoka chini. Hiyo ni kama kilo moja na nusu, na mwanzoni haihitajiki zaidi.

SWALI: Natupa kwenye mikoko ya Mikindani. Kila mitupo mitatu napoteza ndoano kwenye mizizi. Nifanyeje?
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: Acha kichwa cha risasi ukiwa hapo, ufiche ncha ya ndoano. Tafuta ndoano yenye shingo iliyopinda kama ngazi, namba 3/0, pamoja na risasi ndogo yenye tundu katikati, umbo la punje, gramu 5 hadi 7. Pitisha uzi kwenye risasi kwanza, ncha nyembamba ikitazama mbele, ndipo ufunge ndoano.

Chomeka ncha kwenye pua ya mpira, itokee tumboni baada ya kama nusu sentimita. Vuta mpaka shingo iliyopinda izame puani, geuza ndoano, kisha choma ncha toka tumboni mpaka ikaribie kutokeza mgongoni. Mpira lazima ulale umenyooka. Ncha ikifichwa ndani mno, samaki atauma na hutamnasa. Ikitokeza yote, umerudi kwenye mizizi. Wakati wa kukaza, vuta kwa nguvu kuliko kawaida, maana ndoano ina nyama ya mpira ya kupenya kwanza.

Chambo kikinasa, usivute kama unang'oa muhogo, kwani unaizamisha ndoano zaidi. Legeza uzi, tikisa ncha ya rodi, halafu sogea uvute kutoka upande mwingine, siyo ule uliotupia.

SWALI: Saa gani ni nzuri? Wengine wanasema asubuhi, wengine usiku.
*Msomaji, Lindi*

JIBU: Fuata maji kabla ya saa. Yakianza kupwa, vijito vya mikoko hutema kamba na visamaki, na kolekole hujipanga mdomoni mwa kijito kuwasubiri. Yakisimama, kunywa chai.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji kwenye pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja jioni yanatoka huku mwanga ukipungua, na huo ndio wakati tunaoupendelea kuliko wote. Ubaya wake ni mkondo mkali, kwa hiyo beba vichwa vizito. Kila siku inayofuata muda husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji mafu yana mkondo mpole, na mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi hapo ingawa samaki huwa wachache.

Mvua za Desemba hadi Aprili mto ukiwa mwekundu kwa matope, hapo sasa rangi ina kazi: tumia nyeusi au ya giza, yenye mkia mpana unaopigapiga, uvute polepole.

SWALI: Mikia ya vyambo vyangu inakatwa safi kama kwa mkasi, na vilivyobaki vimeyeyukiana ndani ya kopo.
*Msomaji, Mtwara*

JIBU: Kipande kikiwa na alama ya nusu duara, mshuku bunju. Hama hapo, na ukimnasa usimle, ana sumu inayoua. Mkato wa mshazari unaokwenda na uzi ni wa mzia. Yeye mfungie waya wa sentimita 15 mbele ya ndoano.

Kuyeyuka kunatokana na kuchanganya mipira ya aina tofauti, ambayo kemikali zake hulana. Kila aina ibaki kwenye pakiti yake, mbali na jua. Mkia uliopinda utumbukize kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, unyooshe, kisha uutie kwenye maji baridi.

SWALI: Hongwe amenichoma kiganjani nilipokuwa namtoa ndoano. Siku mbili bado panauma.
*Msomaji, Kitunda*

JIBU: Nenda hospitali leo, kwani huenda kipande cha mwiba kimebaki ndani. Hongwe ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya kifuani. Mtu akichomwa, aloweke mkono papo hapo kwenye maji ya moto anayoweza kuyastahimili, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maji yapimwe kwa mkono mzima, maana ulioumia hauhisi sawasawa na unaweza kuungua. Mara nyingine mshike kwa koleo samaki akiwa bado juu ya mchanga, na kiganja kikae mbali.