Ripoti ya wabanguaji

SWALI: Shikamoo mama. Kikundi chetu cha kubangua korosho Newala kimepata mtaji kwa mwekezaji wa kijamii, yaani anayetaka fedha yake ilete faida na pia iboreshe maisha ya watu. Anadai ripoti ya matokeo. Inatosha kuandika wanawake 40 wamefunzwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haitoshi. Andikeni kila mmoja aliingiza shilingi ngapi kabla ya mtaji na anaingiza ngapi sasa, hasa Februari na Machi, wakati fedha za minada ya korosho zimekwisha na mahindi bado shambani. Waulizeni na wabanguaji wa kijiji jirani wasio na mtaji: bei ya korosho ikipanda, nao hupata zaidi, na ongezeko hilo msijihesabie. Mikono iliyobabuka kwa mafuta ya maganda nayo iandikwe, nakuomba sana. Walioacha kazi wafuateni nyumbani, muwaulize sababu.