"Sheet" si shuka, na si tanga pia

Usiitume hiyo kazi kwanza. Unauliza kama "three sheets to the wind" kwenye riwaya unayotafsiri iwe "mashuka matatu upeponi". Hilo la mashuka peke yake litakurudishia kazi nzima.

"Sheet" ya merikebuni si shuka. Na watakaokuambia ni tanga usiwasikilize. Ni kamba, ile ambayo manahodha wa majahazi ya kwetu wanaiita demani. Imefungwa pembe ya chini ya tanga: ukiivuta, tanga linashika upepo, ikifyatuka, tanga linabaki kupigapiga hewani, chombo kinapoteza mwendo na kuanza kuyumba. Zikifyatuka tatu, ndiyo yule mtu anayetoka baa akishikilia ukuta. Andika "kalewa chakari" uendelee mbele. Demani usiitaje kabisa, msomaji wa Dodoma haijui.

Nasema kwa uchungu kwa sababu "matanga matatu" niliyaandika mimi, nikiamini orodha ya misemo niliyopewa na mtu anayejiita mkufunzi wa tafsiri. Wasomaji wakaona misiba mitatu! Mhariri akarudisha kurasa zote, maana baada ya kosa kama lile hakuamini hata sentensi zilizokuwa sawa. Orodha zile bado zinagawiwa darasani, na aliyeziandika hajawahi kuuliza kamba inafungwa wapi. Inakera sana.

Kwa hiyo, kila msemo wa baharini uulize: ni kifaa gani, kinafanya kazi gani, na mambo yakienda mrama chombo kinakuwaje? Jibu la swali la tatu ndilo maana unayoitafuta. Chukua "taken aback". Upepo ukigeuka ghafla ukalipiga tanga kwa mbele, tanga linaukandamiza mlingoti na merikebu inasimama, pengine inarudi nyuma. Kiswahili chake kipo tayari: kapigwa na butwaa. "Groggy" nayo si jina la ugonjwa. Mwaka 1740 Admirali Vernon aliamuru ramu ya mabaharia wa Uingereza ichanganywe na maji, kinywaji kikaitwa "grog" kwa jina lake la utani, na aliyezidisha akawa "groggy". Siku hizi ni mtu mwenye kizunguzungu au aliyeamka kichwa kizito, hata kama hajaonja pombe.

Ukikutana na "swear like a sailor", usikimbilie "anatukana kama baharia". Vijana wa Bongo wakisikia baharia wanafikiria mwanaume mjanja wa mjini, mwenye wanawake wengi, wala matusi hayawajii akilini. Andika "anaporomosha matusi ya nguoni".