Jibu: Vidonge vya kalsiamu vinamfunga mama choo

Salamu ndugu. Umeuliza kama mama yako wa miaka 68, hapo Jinja, aache vidonge vya kalsiamu kwa sababu vinamfunga choo.

Kwanza soma kopo. Kama ni kalsiamu kaboneti, ameze pamoja na chakula, maana inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Asimeze miligramu 1,000 kwa mpigo. Mwili hufyonza vizuri 500 au chini, hivyo agawe asubuhi na jioni, na maji ya kutosha. Akitumia dawa ya tezi ya shingo, aviachanishe kwa saa 4.

Kwa umri wake anahitaji takribani miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa. Glasi ya maziwa ina kama 300, na mukene (dagaa wa ziwani) wakiliwa wazima na mifupa yao wanaweza kupunguza vidonge. Dodo (mchicha) nzuri, ila oksalati, kemikali iliyomo ndani yake, hushika kalsiamu isifyonzwe vizuri. Msiitegemee peke yake.

Tena, kwa kuwa lengo la kalsiamu ni kulinda mifupa, toeni mikeka inayoteleza, tafadhali. Nyonga nyingi za wazee huvunjika kwa kuanguka tu nyumbani. Akiwa amepungua urefu au mgongo umemuuma ghafla, apigwe eksirei kabla ya mazoezi yoyote.