Jibu: Nyumba ya mtindo wa pwani hapa Kigoma

Dada, umeuliza uanzie wapi kuipa nyumba yako ya Kibirizi sura ya pwani, samani au bustani. Mimi ningeanza na baraza. Ziwa letu liko magharibi, kwa hiyo jioni ukikaa kutazama maji, jua linakupiga usoni mpaka lizame nyuma ya milima ya Kongo. Baraza liwe pana, paa lishuke kidogo, na utundike pazia la matete la kukunja. Langu nimelijengea benchi la saruji nyekundu ukutani, nikatandika mkeka wa ukindu. Mchana ule ubaridi wa saruji unausikia mgongoni, na wageni hawataki kuingia ndani!

Ndani, chokaa nyeupe na madirisha mapana yanatosha. Ziwa halina chumvi, bawaba hazitaliwa na kutu kama za Tanga.

Bustanini usihangaike na minazi. Mchikichi ni wa kwetu na unapendeza vilevile. Kwenye mteremko panda mchaichai kukingama, la sivyo mvua za masika zitaondoka na udongo.

Ila tafadhali, pima kwanza: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ziwani.